Kideri Uani kwa Wifi

Siku ya sita baada ya kuwachanja kuku wa wifi yake, wifi huyo alimpigia simu, na sauti tu ilitosha. Alipofika aliwakuta kuku kumi na wanne wamejikunyata kando ya banda, mabawa yameshuka, kinyesi cha kijani kimetapakaa. Mtetea mmoja shingo imepinda, anazunguka palepale kama aliyepoteza kitu. Kideri hicho, hakuna cha kuuliza.

Mtaani walimwita Mama Chanjo. Miaka tisa alikuwa akipita nyumba kwa nyumba kudondoshea kuku dawa jichoni, hata mumewe akalisahau jina lake. Siku hizi mgongo ulimuuma kabla hajashika kuku wa kwanza.

"Ni huyu kaka yako!" wifi alifoka. "Kaniletea jogoo wa sokoni, nikamwambia mfungie kando kwanza. Wapi! Kamwachia humohumo. Asinisemeshe."

Kaka mtu alikuwa amekaa kizingitini, mikono katikati ya magoti. Jogoo mwenyewe alikuwa akichakura takataka, mzima kama kigongo.

Mama Chanjo angeweza kunyamaza. Lakini siku ile ya chanjo alianzia kwa fundi cherehani, akamsaidia kuzika kuku saba, na uchafu wa banda ukamganda kwenye ndala. Alipaswa kurudi nyumbani aoge, abadilishe nguo na viatu. Akaona ni mbali. Jua lilikuwa kali, miguu imekufa ganzi, akakata moja kwa moja hadi kwa wifi.

"Siyo jogoo, wifi. Ni mimi. Nilitoka kwenye kuku wagonjwa, nikaingia bandani kwako bila kuosha hata ndala."

"Si ulikuja kuwachanja?"

"Chanjo inataka kama wiki mbili ndipo iwakinge. Ugonjwa haukungoja."

"Wewe! Wewe unayetuhubiria kila siku!"

"Mimi."

"Sasa ilikuwaje?"

"Nilichoka tu."

Wifi alimgeuzia mgongo. Akasema kuelekea kizingitini alipokaa mumewe, bila kumtazama mtu, "Chukua jembe basi, baba, uchimbe shimo. Chai nitakuletea hukohuko."

Kufikia mwisho wa wiki, kuku kumi na mmoja walikuwa wamekufa. Wote walifukiwa kwenye shimo refu. Hakuna aliyechinjwa, hakuna aliyekimbizwa sokoni. Wifi hakumsemesha Mama Chanjo miezi miwili.

Lakini adhuhuri ile hayo yalikuwa bado. Siku ya chanjo, baada ya kwa wifi, alikuwa amepitia nyumba nyingine nne. Sasa alirudi kwake, akaoga, akasugua viatu kwa sabuni na brashi, akaketi kidogo kitandani, kisha akajiinua. Kwa mpiga chapati, nyumba ya karibu zaidi kati ya hizo nne, alisimama nje ya ua.

"Hodi. Siingii. Kuku wako wanakula?"

"Wanakula. Kwani vipi?"

Akashika nguzo ya lango, akaanza kueleza upya.