Kabichi ya Mgonjwa

Mume wangu alikuwa mpishi wa hoteli, na jikoni kwangu alikuwa anaingia kwa maringo ya mtu anayelipwa kwa kazi hiyo. Alikuwa anafunua sufuria yangu kwa ncha za vidole, anachungulia, halafu ananiuliza kwa upole, "Mama watoto, nani anaumwa humu ndani?" Kabichi iliyolainika kwake ilikuwa kabichi ya mgonjwa. Msimu wa baridi, soko linapobaki na kabichi na karoti tu, alikuwa anazikata nyembamba, anazitupa kwenye mafuta ya moto pamoja na vitunguu na tangawizi, anazigeuza kidogo, na hujakaa sawa zimeshatoka, bado zinalia mdomoni. Nilimwambia anatulisha majani kama mbuzi. Lakini sahani nilikuwa nairamba, uongo dhambi.

Baridi ya mwaka huu ilianza na kiharusi. Upande wake wa kulia ukalala, ulimi ukawa mzito, na koo likasahau kumeza. Nesi anayekuja kumtazama nyumbani alinionya kwamba kila kitu kipondwe mpaka kiwe kama uji mzito. Kipande kigumu kikipotea njia kitaingia mapafuni, na hapo tusitafute mchawi.

Mzee akafunga mdomo. Angeweza kumeza uji huo vizuri tu, ila hakutaka. Nilimpelekea viazi vya kupondwa, nikampelekea boga, akageukia ukuta. Nilimbembeleza, nikamtania, nikamgombeza. Siku moja nikamrushia na ile ya sikio la kufa halisikii dawa, kisha nikajuta kutaja kufa mbele yake. Shati lilikuwa linamning'inia kama limeanikwa.

Mwisho nesi akasema wazi, mbele yake, kwamba akirudi kesho na kukuta bado hajala, atampeleka hospitali akawekewe mpira wa kulishia puani. Mzee alinishika mkono kwa ule wake mzima, akanibana. Alikuwa amemuuguza kaka yake aliyewekewa mpira huo mpaka akafa nao, na aliwahi kuniapisha kwamba yeye nisikubali awekewe. Nilikuwa nimeapa.

Basi nikasukuma kiti chake mpaka jikoni. Nilimwambia nitapika kabichi yake, kwa tangawizi yake, lakini nitaiacha motoni mpaka ilainike, halafu nitaiponda, na ataila. Nilipoanza kukata alinyoosha mkono wa kushoto kuelekea kisu, kwamba nakata vipande vinene, na mimi, mjinga, nikafurahi. Nikakata upya. Mafuta yaliposhika moto nikatupa vitunguu na tangawizi, kisha karoti, kisha kabichi, na kioo cha dirisha kikajaa mvuke. Aliinua uso akanusa. Tangu augue sikuwa nimeuona uso ule.

Hotelini hakuwahi kuwapigia vijana kelele. Alikuwa anainua kidole tu, na mwenye sufuria anaitoa motoni. Sasa akainua kidole cha kushoto. Nilitazama sufuriani na kweli, ilikuwa imefika pale pale anapopataka yeye. Nikamimina maji, nikapunguza moto, nikafunika.

Kidole hakikushuka.

"Toa," akasema. Neno lilitoka safi kabisa.

"Nikitoa sasa itakukaba, baba watoto."

"Toa."

"Sitoi. Nimechoka kukutazama unakufa kwa ajili ya kabichi."

Nilisimama nimempa mgongo, lakini nilikuwa namuona kwenye kioo cha kabati, kidole bado kiko juu. Harufu ya tangawizi ikaanza kupotea, ikaja ile nzito ya kabichi iliyochemka, harufu ya wodini. Ndipo mkono wake ukashuka mapajani. Niliponda kwa mwiko kwa hasira, huku nalia, na sikujua namlilia yeye au nalilia ile mboga.

Akala. Alikula bakuli zima, kijiko baada ya kijiko, macho yakitazama mlango. Nikampigia simu binti yetu kumwambia baba yake amekula, akapiga vigelegele huko aliko, na mimi nikavipokea.

Asubuhi nesi alikuja, akanisifu sana. Alitaka kuona mwenyewe anavyomeza. Juu ya meza kulikuwa na viazi vya juzi nilivyokusudia kutupa, vimepoa, havina hata chumvi, vimeanza kuwa vya kijivu. Kabla sijasema kitu akawa ameshachota kijiko. Nilimtazama mume wangu, nikamuomba moyoni ageukie ukuta, mara hii moja tu. Alifungua mdomo kijiko kikiwa bado mbali, wala hakutazama kimebeba nini.