Iningiri ya Mzee Havugimana

Yuma hakuwa mtu wa kusifu ovyo. Alikuwa ameendesha lori la njia ya Bunagana miaka mingi, na kwake mtu mzuri ni yule asiyempotezea muda. Lakini Mukagasana alimshinda. Mama huyu wa mtaa wa Katoyi, Goma, alitunga nyimbo fupi zisizo na maneno, za kupigwa sebuleni mbele ya watu wachache waliokaa kimya, na alizitungia vyombo ambavyo hakuna bendi ingevitaka. Yuma alipiga likembe, ala ya vidole gumba, yenye ndimi zilizokatwa kwenye vyuma vya mwavuli. Mukagasana mwenyewe aligonga kwa nyundo ndogo vibamba vya mawe ya volkano, alivyovichagua huko Munigi, nje ya mji, kwa kuvijaribu kimoja kimoja mpaka akapata vinavyolia. Mzee Havugimana alipiga iningiri, zeze la kamba moja lenye tumbo la ngozi.

Shida ilikuwa iningiri. Havugimana alikimbia nayo vita kutoka Rutshuru. Kule kwenye joto ilikuwa na adabu. Hapa Goma unyevu uliingia kwenye ngozi yake, ngozi ikalainika, na sauti ikaanza kushuka kabla wimbo haujafika kati. Kwenye arusi moja vijana walimwuliza kama anapiga muziki au anakaba paka. Tangu siku hiyo aliitundika ukutani. Mukagasana alipomwomba apige tena, alisema atajaribu mara moja tu. Akichekwa tena, ataitia jikoni iwe kuni. Yuma alimjua. Hakuwa akitania.

Yuma alishauri wavue ngozi, waweke bati. Mukagasana hakubishana naye. Alimwomba mzee apige sauti moja tu, aendelee nayo, asiirekebishe. Akakaa pale alasiri nzima akisikiliza. Sauti ilipotua chini kidogo, alitafuta kibamba kinacholia hivyo hivyo, akakitia alama ya chaki.

"Haipotei," alisema. "Inashuka ngazi. Mi natafuta tu inakanyaga wapi."

Akatunga wimbo kwa namna hiyo. Iningiri ianzie juu, ishuke yenyewe ipendavyo, na kila inapotua ikute jiwe linaingoja. Likembe izunguke chini yake.

Walipiga Jumapili, sebuleni kwa Farida, dada yake Yuma. Mvua ilikuwa imenyesha tangu asubuhi na ilikuwa imekatika punde tu. Hata mito ya viti ilikuwa na unyevu. Havugimana aligusa kamba kwa upinde wake, na sauti ikaanguka papo hapo. Ikapita jiwe la kwanza. Ikapita la pili. Abdoul, mumewe Farida, akaziba mdomo kwa kiganja, mabega yakimtikisika.

Mukagasana hakuinua kichwa. Aliyaacha mawe mawili yale kana kwamba hayakuwahi kuwapo, akagonga la tatu, na iningiri ikafika pale pale wakati ule ule. Kisha akaishikilia nyundo yake hewani, akangoja. Hapo Yuma akaelewa: mama huyu alishauacha wimbo alioutunga, sasa anamfuata mzee. Naye akaacha mbwembwe zake, akabaki na ulimi mmoja wa chuma. Havugimana alipoona hakuna anayemharakisha, alipunguza mwendo. Iningiri ilitelemka mpaka kwenye kibamba kikubwa kuliko vyote, vikavuma pamoja, na hukuweza kusema ipi ni sauti ya ngozi na ipi ya jiwe.

Abdoul alikuwa ameshusha mkono, na uso wake ulikuwa wa mtu aliyeambiwa habari nzito.

Havugimana aliweka iningiri magotini. Alionekana amekasirika.

"Mama Mukagasana, umetunga fupi sana. Mi nilikuwa bado."

"Ngozi haitangoja, muzee."

"Nani amesema ingoje? Iache ishuke. Wewe ongeza mawe."

Yuma akauliza ni nani atakayeyabeba kutoka Munigi. Wote wawili wakamgeukia, yeye dereva wa lori.