Watu Kwanza, Makapeti Baadaye

Katika Rasi ya Keweenaw, kaskazini kwenye baridi kali, theluji huanza kabla watu hawajamaliza kuilalamikia ya mwaka uliopita, na watu wa barabara huimwagia chumvi kwa ukarimu ambao hawajawahi kumwonyesha mlipa kodi yeyote. Chumvi ile huyeyusha barafu, hilo hatubishi. Kisha hupanda garini kwa viatu vya watu, ikashuka chini ya zulia, na huko ikala bati kimyakimya mpaka siku dereva anapoiona barabara katikati ya miguu yake. Lempi Kangas, mpishi mstaafu wa shule, alilijua jambo hilo vizuri kuliko sala zake, kwa sababu alikuwa ameishi na Wilho miaka arobaini na mmoja.

Wilho alikuwa mpole katika kila kitu isipokuwa sakafu ya gari. Theluji ya kwanza ikianguka tu, alitoa makapeti ya kitambaa akaweka ya mpira mgumu, yale yenye kingo zilizoinuka kama sinia, yaliyofinyangwa kwa umbo la gari lile na si jingine. Hakuna aliyeingia garini mwake kwa kukurupuka. Ulikaa kwanza, miguu nje, ukagonganisha viatu mara mbili, ndipo ukaingiza miguu. Mchungaji aligonga. Daktari aligonga. Mwana wao wa pekee, Raimo, aligonga tangu ana miaka mitatu mpaka alipohamia Milwaukee, na wapo waliosema alihamia huko ili apumzike kugonga.

Na kila Jumamosi jioni, watu wakishaoga saunani, kile kibanda cha kuogea kwa mvuke wa mawe ya moto, na moto ukishakufa, Wilho aliingia na makapeti yake manne, akayasugua kwa maji ya moto yaliyobaki, akayaacha benchini yakaushwe na joto la mwisho la mawe. "Watu kwanza, makapeti baadaye," alisema kila Jumamosi, kana kwamba kuna aliyetaka kumpinga.

Wilho akafa mwezi wa sita, bustani ikiwa imechanua. Raimo alikuja kuzika, akakaa wiki nzima, na siku ya kuondoka akasimama kando ya gari na uso wa mtu mwenye neno.

"Mama, gari hili lina miaka ishirini. Mimi ndiyo kazi yangu, nanyoosha mabodi ya magari kila siku. Juzi tu kaja gereji mama wa watu, mguu umetokeza sakafuni akiwa anaendesha. Mguu, Mama!"

"Alikuwa na makapeti gani?"

"Mama, sitanii."

"Na mimi nauliza."

Walibishana mpaka kahawa ikapoa, wakaishia kwenye mapatano. Lempi angekaa nyumbani kwake msimu mmoja wa baridi. Pasaka Raimo angekuja, angeinua zulia na kuichokonoa sakafu kwa bisibisi. Bisibisi ikipenya, gari linauzwa, nyumba inafungwa, na Lempi anahamia Milwaukee. Kutoka kwake hadi dukani ni maili nane, hadi kanisani tisa, na bila gari mtu huko hana tofauti na kuku aliyefungiwa. Chumba cha Milwaukee kilikuwa kimeshapakwa rangi, njano ya kupendeza, na dirisha linalotazama bustani ya watoto. Lempi alikichukia kwa moyo wake wote.

Basi alitunza sakafu ile. Novemba aliweka makapeti ya mpira mwenyewe. Aligonga viatu mara mbili hata alipokuwa peke yake. Chini ya pedali, kapeti la dereva lilikuwa na kishimo kidogo kilichochimbwa na kisigino cha Wilho kwa miaka yote ile, na yeye aliegesha kisigino chake mlemle kila alipoendesha. Hakumwambia mtu.

Mwezi wa pili hali ya hewa ikafanya ukorofi wake. Baridi ililegea siku mbili, barabara ikawa uji wa theluji na chumvi, na Alhamisi Lempi alirudi kutoka dukani makapeti yamejaa hadi ukingoni. Ijumaa aliyainua moja moja, taratibu, akayamwaga nje. Wahenga wanasema maji yakimwagika hayazoleki. Hao hawakuwahi kumiliki makapeti ya Wilho. Kisha akatazama ule utando mweupe wa chumvi uliobaki, akaona hawezi kungoja hata Jumamosi jioni. Akachemsha maji jikoni, akayapeleka saunani, akayasugua makapeti akayalaza kwenye benchi la juu. Kesho asubuhi nitayatoa, alijiambia.

Kesho asubuhi alikuwa anakanda mkate wa iliki, na makapeti yakamtoka akilini kabisa. Asiyesikia la mkuu huvunjika guu, na mkuu hapa alikuwa kaburini, hawezi kumkumbusha.

Aliyewasha moto ni Onni, jirani yake na rafiki wa Wilho tangu utotoni. Onni na mkewe Aune walikuwa wakioga sauna ya akina Kangas kila Jumamosi kwa miaka thelathini, na tangu msiba Onni ndiye aliyepasua kuni. Jiko la sauna ile linalishwa kutoka chumba cha kuvulia nguo, kwa hiyo hakuwa na haja ya kufungua mlango wa ndani. Alilisha kuni saa mbili nzima, tena kwa moyo, akipiga mluzi.

Wanawake ndio huoga kwanza. Aune, mwanamke mnene mwenye furaha, alijifunga taulo, akafungua mlango, akaufunga tena kwa kishindo.

"Lempi! Kuna watu humo!"

"Watu gani?"

"Wamekaa benchi la juu. Weusi. Wameegemea ukuta."

Lempi alijua papo hapo. Makapeti manne yalikuwa yamelainika kwa joto, yakajikunja kingo, mawili yakiwa yameinuka na kuegemea ukuta kama wageni waliofika mapema. La dereva lilikuwa limepinda kama ulimi wa ng'ombe. Alilishika, likamchoma, akalishika tena. Mahali pa kisigino cha Wilho palikuwa pamevimba, laini, pasipo alama yoyote.

Alikaa benchi la chini akalia. Hakulia sana, lakini alilia kweli, na Aune akamshika bega.

"Nani kafa tena?" Onni aliuliza kutoka nje ya mlango.

"Umepika makapeti ya Wilho!" Aune akamjibu.

Sauti ya Onni ikawa ndogo: "Shemeji, mimi sikuyaona. Naapa nitanunua mengine Jumatatu."

"Hayatengenezwi tena ya gari hili," Lempi alisema. "Ya kubahatisha yanaacha pengo kando ya mlango. Maji yanapita palepale. Nimeshajiona mimi kwenye kile chumba cha njano."

"Basi tuyanyooshe," Aune alisema.

"Kwa kitu gani, pasi?"

"Yamelainika au hayajalainika? Kilichoyapinda ni moto, na moto bado upo." Aune alilitandaza kapeti la abiria kwenye benchi la chini, akakunja taulo mara mbili juu yake, akakaa. Kapeti likalia kwi! likalala. Kingo zake zikabaki zimesimama kumzunguka pande zote, kama zilivyotakiwa. Aune alitazama kulia, akatazama kushoto, akaona kazi ya mwili wake, akajivuna waziwazi. "Miaka yote Onni ananiambia nipungue. Angenioa mwembamba, leo ungekuwa Milwaukee."

Lempi alicheka huku machozi bado yanamtoka. Akalitandaza la dereva, akalikalia. Walikaa hivyo, mabibi wawili wamejifunga mataulo, jasho linawatiririka, wakizungumzia bei ya nyama na talaka ya mpwa wa Aune, mpaka Lempi akasema yatapinda tena wakiondoka yakiwa bado moto.

"Onni!" Aune akaita. "Leta theluji! Ndoo mbili!"

"Theluji ya nini saunani?"

"Leta, usihoji! Na ufumbe macho!"

Onni alileta ndoo mbili, kisha mbili tena, akizipitisha kwenye upenyo wa mlango uso ukiwa umeelekea upande mwingine, akajigonga kichwa kwenye fremu mara mbili. Walimimina theluji pande zote za makapeti na wao wenyewe wakiwa juu yake, na makelele waliyoyapiga yalisikika barabarani. Ya nyuma waliyamaliza kwa njia ileile. Zamu ya Onni ilipofika, sauna ilikuwa imepoa kama stoo. Alioga akitetemeka, akasema anastahili.

Makapeti yaliingia garini. Hayakuwa kama zamani: la dereva lilikuwa na bonde pana katikati, la abiria lilikuwa na bonde pana zaidi, na kona moja ya la dereva, ile ya karibu na mlango, haikukubali kukaa sawasawa. Kona hiyo ndiyo iliyomnyima Lempi raha. Machi yote aliendesha huku akiiangalia kwa jicho moja. Angeweza kuinua zulia akatazama, dakika mbili tu, lakini aliogopa kuona. Usipoziba ufa utajenga ukuta, ndiyo, ila kwanza uwe na ujasiri wa kuutazama ufa wenyewe. Alimwaga maji, aligonga viatu, alinyamaza. Jumamosi aliyaosha watu wakishatoka.

Raimo alifika Jumamosi ya Pasaka, theluji chafu ingali imelundikana kando za barabara. Alimkumbatia mama yake, akanywa kahawa nusu kikombe, akatoka nje na tochi na bisibisi. Lempi alimfuata. Onni na Aune wakatokea kwa bahati, wakiwa wameshika sahani ya kurudisha, sahani ambayo Lempi hakukumbuka kuwaazima.

Raimo alitoa makapeti bila kuyatazama. Alifungua vishikizo vya zulia upande wa dereva, akaliinua, akaingiza kichwa na mkono. Bisibisi ikagonga bati. Ko. Ko. Ikagonga karibu na mlango, palepale penye kona mbaya.

Ko.

Akaenda upande wa abiria. Akaenda nyuma. Akalala chini kwenye matope, akachokonoa kutoka uvunguni. Alipotoka alipitisha kiganja kwenye zulia, chini na juu, akakinusa.

"Pakavu," alisema, kama mtu aliyeibiwa hoja. "Mama, sijaona bati la miaka ishirini la huku likiwa hivi. Sijaona." Kisha akainama akaokota kapeti la dereva, akaligeuza kwenye mwanga. "Hili bonde la nini?"

"Hilo ni mimi," Lempi alisema.

"Na hili kubwa?"

"Usiulize ukubwa wa watu, mwanangu," Aune alisema.

Ikabidi waseme. Alieleza Lempi, akasahihishwa na Aune, Onni akaomba radhi upya mahali pasipohitajika. Raimo alisikiliza mdomo wazi. Alilimwagia kapeti la abiria maji ya bomba la bustani, akaona bonde la Aune linavyoyabeba yote katikati, mbali na kingo, lita moja na zaidi, bila tone kutoroka. Alicheka mpaka akaegemea gari. Kicheko chenyewe kilikuwa cha Wilho, na Lempi alikuwa hajakisikia tangu mwezi wa sita.

"Haya, Mama, nipeleke kununua pasti, ile mikate ya nyama, nina njaa." Alifungua mlango wa abiria, akayarudisha makapeti mahali pake, akakaa miguu ikiwa nje. Akagonganisha viatu mara mbili, tope likaruka. Alifanya hivyo akiwa anatafuta mkanda, bila kujiangalia.

"Lakini mwakani," akasema, akiingiza miguu, "watu kwanza, makapeti baadaye. Umenisikia?"

"Nimesikia," Lempi alisema, ingawa baada ya neno mwakani hakusikia lolote. Alizunguka upande wake, akakaa, akagonga viatu mara mbili, akaegesha kisigino ndani ya bonde lake, akawasha gari.