Kombe la Njano

Mama yangu aligoma kula. Alisema hatatia kitu mdomoni mpaka kaka yangu Fikirini amletee kombe kutoka kwa shehe wa Buguruni: aya zilizoandikwa kwa zafarani kwenye sahani nyeupe, zikaoshwa kwa maji, anywe apone. Fikirini aliahidi Ijumaa. Ijumaa ikapita, na nyingine ikafuata. Nikimpigia anasema, "Nakuja, dada, foleni tu." Foleni, Buguruni na hapa mtaani kwetu Gerezani! Mtu angetambaa angeshafika.

Nilikuwa nimechoka. Nimechoka kuuza madera juani Mtaa wa Kongo, nimechoka kurudi na kupika uji unaoganda bakulini, nimechoka kumgeuza mama kitandani huku akiniuliza, "Fikirini hajafika?" Mimi Swaumu, binti yake niliyepo, sihesabiki.

Jioni moja nikamkuta binti yangu Waridi, wa darasa la tatu, amekaa sakafuni na sahani yangu ya wageni. Mwalimu wa sayansi aliwaambia wapange pipi za rangi kuzunguka ukingo wa sahani, wamimine maji ya uvuguvugu katikati, waangalie rangi zinavyotoka. Ila nyekundu na kijani alishazila njiani, zikabaki za njano.

"Mama, ona! Zinatembea zenyewe!"

Kweli, michirizi ya njano ilikuwa inasogea taratibu kuelekea katikati. Nikasema vizuri, nikarudi kwenye jiko langu pale mlangoni. Sikuwa na nguvu ya kushangaa. Waridi akaziokota pipi zake, sasa nyeupe, akazitia mdomoni. Sahani akaiweka kwenye stuli kando ya kitanda cha bibi yake, isije ikapigwa teke.

Nikasikia, "Bismillahi."

Nilipogeuka, mama, ambaye macho yake hayaoni vizuri siku hizi, ameishika sahani kwa mikono miwili na anakunywa. Aliimaliza yote.

"Fikirini kaleta kombe," akasema. "Kaja nimelala, eh? Nilijua mwanangu hawezi kunitupa."

Waridi akafungua mdomo. Nikamkata jicho. Mungu anisamehe, lakini mama alikuwa ameshanyoosha mkono.

"Na huo uji uko wapi?"

Akanywa bakuli zima. Nikaenda uani nikalia, kwa furaha na kwa hasira, sijui kipi kilizidi.

Kesho yake akataka kombe jingine. Tukalitengeneza, mimi na Waridi, kimya kimya. Keshokutwa pia. Mama akaanza kukaa mwenyewe, kisha akaomba samaki.

Ndipo Fikirini akatokea, mikono mitupu, ananukia marashi.

"Kombe lako limeniinua, baba," mama akamwambia, akimshika mkono.

Fikirini akanitazama. Kisha akainamisha kichwa kwa adabu. "Alhamdulillahi, mama. Ni wajibu wangu."

Wajibu! Nilitamani kumrushia mwiko. Nikamsubiri mpaka aage, nikamfuata ukumbini.

"Dada," akaninong'oneza, "kombe gani?"

"Pipi," nikamwambia. "Pipi za rangi kwenye maji ya uvuguvugu, Waridi atakufundisha. Kuanzia kesho unaleta wewe, kila jioni, na unamnywesha mwenyewe. Chagua za njano tu. Mimi naenda kulala."