Suruali ya Marehemu

"Ndugu wananchi! Leo taifa letu linavua aibu na kuvaa heshima. Kuanzia mwezi ujao, hakuna nguo ya mtumba itakayovuka mpaka wetu. Hatutaingia katika kesho yetu tukufu tukiwa ndani ya suruali ya marehemu!"

Ndivyo alivyonguruma Waziri wa Viwanda kutoka katika spika iliyoning'inia juu ya mlango wa bwalo la shule, saa ya chakula cha mchana. Historia ingependa kuandika kwamba wanafunzi walisimama wima, mikono vifuani, machozi yakiwalengalenga. Hawakusimama. Walikuwa wanagombea ukoko.

Aliyeacha kutafuna alikuwa mmoja tu, mvulana wa kidato cha tatu ambaye shule nzima, mpishi akiwemo, ilimwita Mheshimiwa, kwa kuwa hata chumvi aliiomba kama anayewasilisha hoja bungeni. Kijiko chake kilibaki hewani. Harage moja lilidondoka, likatua kifuani mwake kama nishani.

Kobe, rafiki yake wa kitanda cha chini, aliyepewa jina hilo kwa mwendo wake wa kwenda darasani, alimpiga kiwiko.

"Suruali ya marehemu! Si ile ya kwako?"

"Nyamaza."

"Ni yako! Mheshimiwa, umekuwa serikali!"

Ilikuwa hivi. Muhula uliotangulia, wizara ilitangaza shindano la insha kwa shule zote za bweni: "Kama Ningekuwa Waziri wa Viwanda." Kobe aliweka dau la sabuni nzima, haijafunguliwa, kwamba Mheshimiwa hawezi kujaza kurasa zote zilizotakiwa kwa upuuzi mtupu bila mwalimu wa lugha kushtuka. Mheshimiwa akapanda kitandani, akalala kifudifudi, akaandika huku anajizuia kucheka kitanda kisije kikatikisika. Alipiga marufuku mitumba. Alilia machozi ya wino kwa ajili ya vifungo vya taifa. Akatia sahihi kwa jina la kupanga, Mzalendo Mdogo, kama masharti yalivyotaka. Mwalimu wa lugha alipoisoma alivua miwani, akaifuta, akasema kwa sauti iliyokwama kwamba bado kuna matumaini kwa kizazi hiki, akaituma wizarani. Sabuni ilikabidhiwa siku hiyo hiyo, na usiku Mheshimiwa akawasomea wenzake bwenini rasimu yake.

Mzaha wenyewe ulikuwa mtamu, lakini kitu kimoja Mheshimiwa hakumwambia Kobe. Mitumba hakuichagua kwa bahati nasibu. Aliichagua kwa sababu ndicho kitu pekee duniani alichokijua vizuri.

Shangazi yake, dada wa baba yake, aliyemlea tangu akiwa ananyonya kidole, alikuwa na kibanda cha nguo sokoni. Likizo zote Mheshimiwa alisimama juu ya benchi akiita wateja. Aliijua harufu ya dawa inayotoka robota la mitumba likikatwa kamba, na ule ukimya wa wanawake waliochanga kulinunua, wakingoja kuona kama ndani mna makoti mazuri au mashati yaliyochoka. Alijua pia kwamba baadhi ya wauzaji wa jumla waliyapitisha marobota mpakani kwa jina la matambara ya kufutia mashine, ili ushuru uwe mdogo. Hilo nalo alilitia katika insha, kwa sababu linampa mwandishi sura ya mtaalamu.

Na ile suruali ya marehemu haikuwa yake. Ilikuwa ya Shangazi. Mteja akisitasita, Shangazi aliinyanyua suruali juu ya kichwa na kupaza sauti soko zima lisikie: "Suruali ya marehemu hii! Chukua bila wasiwasi, mwenyewe haji kuidai!" Watu walicheka, na mtu aliyekwisha kucheka huona haya kuondoka mikono mitupu.

Shuleni hakuna aliyeyajua hayo. Kwa wenzake Mheshimiwa alikuwa amesema tu kwamba shangazi yake "anashughulika na mavazi," na aliyatamka kwa namna ambayo msikilizaji alijiona amesimama mbele ya duka la vioo.

Wiki za mwanzo alijipa moyo. Serikali ina wataalamu, alijiambia, wenye mikoba na shahada, hawawezi kuiongoza nchi kwa insha iliyoandikwa na mtu mwenye soksi zisizo na visigino. Lakini Waziri alihutubia tena, akamsifu "kijana mmoja mzalendo aliyetufumbua macho," akamtaka ajitokeze kuchukua zawadi yake ya insha, kisha akayataja matambara ya kufutia mashine neno kwa neno. Malori yaliyobeba matambara ndiyo yaliyozuiwa kwanza. Mheshimiwa alizisikia habari hizo akiwa anapiga mswaki, akaimeza dawa yote.

Angetokea hata mtu mmoja akamlaumu, ingekuwa nafuu. Badala yake akaja Kobe, mbio kwa mara ya kwanza katika maisha yake, akamkumbatia mbele ya darasa zima. Kiwanda cha nguo cha mji wao, kilichofungwa milango tangu Kobe angali mdogo, kilikuwa kimefunguliwa. Baba yake ameitwa tena kwenye mashine yake ile ile.

"Unajua alikuwa anafanya nini siku zote hizi?" Kobe alisema. "Anakaa kwenye kiti. Basi. Anakaa. Mama akimwuliza jambo anajibu kesho yake. Sasa nasikia anaimba bafuni! Mheshimiwa, ni wewe!"

"Kobe, tafadhali."

"Jeuri yako imempa mzee kazi."

Mheshimiwa alijichomoa mikononi mwake, akasema anawahi zamu ya kuchota maji.

Likizo ilipofika aliingia sokoni kwa hatua fupi fupi, kama anayeingia ofisi ya mwalimu wa nidhamu. Safu ya vibanda ilikuwa imetoboka kama mdomo wa mzee. Palipokuwa na kina mama wa mashati palikuwa na mbao tupu. Jirani wa Shangazi, fundi cherehani aliyeishi kwa kupunguza viuno na kukata pindo za mitumba, alikuwa amefunika mashine kwa gunia na kuiegemea.

"Karibu, baba," Shangazi alisema, akimsogezea benchi. "Kaa tu unavyotaka, siku hizi hakuna wa kukukanyaga." Kisha macho yakamng'aa. "Lakini ulimsikia Waziri? Kaniibia maneno yangu!"

Mheshimiwa akajikohoza. "Maneno gani, Shangazi?"

"Suruali ya marehemu! Neno kwa neno! Nakuapia yule mtu alipita hapa kabla hajawa mkubwa. Maneno kama yale hayaokotwi barabarani. Mimi namdhania yule mwenye kitambi, aliyechukua suruali ya kijivu."

"Kama ni huyo," fundi akadakia bila kuinua kichwa, "basi kiuno cha serikali nakijua mimi. Nilikipanua kikagoma."

Wakacheka wote wawili, kicheko cha kweli, na Mheshimiwa akacheka nao kwa meno peke yake. Hapo ndipo ilipokuwa nafasi ya kusema. Aliiona ikija, akaiona inasimama mbele yake kwa adabu, akaiona inaondoka.

Alikuja mama mmoja na bintiye, akitaka sweta la shule. Shangazi alipekua mabaki yake mpaka chini. Lililobaki lilikuwa la mtoto mchanga.

"Yapo mapya ya kiwandani, pale barabara kuu," Shangazi alisema. "Mazuri kweli."

"Nimetoka huko," mama alijibu. "Bei yake hainitazami usoni."

Walimtazama mtoto akiondoka, mikono ameikunja kwapani. Shangazi alizikunja upya nguo ambazo hazikuwa zimekunjuka. Mheshimiwa alikumbuka aya yake juu ya "kizazi kitakachovaa kwa fahari," aya aliyoipenda kuliko zote.

"Ada yako isikutie wasiwasi," Shangazi alisema ghafla, kama aliyeulizwa. "Hilo ni langu."

Mheshimiwa hakuwa ameuliza, na alitambua kwa aibu kwamba hata kuwaza hakuwa amewaza.

Siku ya wazazi kuwatembelea wanafunzi, Shangazi alifika na gauni lake la bluu lililonyooshwa mpaka mikunjo ikawa kama kingo za bati. Walikaa kwenye benchi nje ya maabara. Alimtolea shati jeupe, zito, la kola ngumu.

"Limetoka katika robota la mwisho. Kila mtu alilitaka, nikalikalia. Simama nikuone."

Lilimkaa kama lilikatwa kwake. Shangazi alivivuta vifungo kimoja kimoja kuona kama vimekaza, kama alivyofanya kwa kila shati lililowahi kupita mikononi mwake.

"Sasa, baba, sikiliza. Kibanda sitaweza kukishika zaidi ya mwezi huu. Kikienda, na shule inakwenda, sitakuficha. Lakini nimepata wazo." Akatoa mkobani karatasi safi na kalamu. "Waziri ananijua. Ukiyakumbuka maneno ya mtu, mwenyewe utakuwa umemsahau kweli? Wewe una mkono wa kuandika. Niandikie. Simwambii afute. Nani asiyetaka kiwanda? Atupe muda tu, tumalize mizigo, tujue pa kwenda. Anza: mimi ndiye yule mama wa suruali ya marehemu."

Mheshimiwa alishika kalamu. Aliandika "Mheshimiwa Waziri," kwa mwandiko mzuri kabisa, akaweka mkato. Baada ya mkato kalamu ikasimama. Juu ya goti lake jina lake la utani lilikuwa linamtazama.

"Mbona huandiki?"

"Natafuta maneno, Shangazi."

"Si nimekupa?"

Ndipo Kobe alipotokea kwenye kona ya maabara, uso umekunjuka, viatu vipya miguuni. Hakuwahi kumwona Shangazi, ila alimtambua kwa pua, maana pua ilikuwa moja na ya rafiki yake. Aliinama akamsalimu kwa mikono miwili.

"Shikamoo, Shangazi."

"Marahaba, mwanangu. Wewe ndiye Kobe? Nasikia unatembea usingizini hata mchana."

Kobe akacheka. "Shangazi, nimekuja kukushukuru. Baba yangu amerudi kiwandani. Nyumbani tumefufuka. Na yote ni kwa sababu ya huyu."

"Huyu nani?"

"Hajakwambia? Ile insha! Waziri aliisoma yote, mitumba, matambara ya mashine, suruali ya marehemu! Ni huyu aliyeiandika, juu ya kitanda, mimi niko chini nasikia anavyocheka." Akampiga rafiki yake bega. "Ana haya huyu. Hata zawadi hakwenda kuchukua."

Kobe alimtazama mmoja, akamtazama mwingine, akaitazama ile karatasi. Tabasamu lake likabaki usoni bila mwenyewe. Akaaga kwa sauti ndogo, akaondoka kwa ule mwendo wake wa zamani.

Mheshimiwa aliinua macho. Alikuwa na utetezi tayari, wenye utangulizi na hoja na hitimisho: kwamba ulikuwa mchezo, kwamba ni dau la sabuni, kwamba wataalamu wangefika huko hata bila yeye. Kila hoja ilipokaribia mlangoni iliona uso wa Shangazi ikarudi ndani.

"Ni mimi," alisema. "Yote ni mimi. Na ya matambara. Na maneno yako. Nilikuwa nafanya utani, Shangazi."

Shangazi alikuwa anatazama uwanjani, wazazi na watoto wao wakila kwenye majani. Kidole chake kilikuwa kimerudi kwenye kifungo cha mwisho cha lile shati, kikikizungusha taratibu.

"Kwa hiyo hakupita kibandani," alisema.

"Nani?"

"Waziri."

"Hapana, Shangazi. Hakupita."

Akatikisa kichwa kidogo, kama mtu aliyeambiwa bei. Kengele ya kuwaaga wageni ikalia, nao hawakuondoka.

"Wenzako," aliuliza mwishowe. "Ulipowasomea ile ya marehemu. Walicheka?"

Alitamani sana kudanganya, na hakujua uongo upi ungekuwa wa huruma.

"Walicheka sana."

"Eeh," Shangazi alisema. "Ile huwa inachekesha." Akakiachia kifungo, akaisogeza karatasi juu ya goti la mpwa wake, pale kwenye mkato. "Haya. Andika."