Namba Isiyo na Mtu

"Huyu mtu hayupo," mtunza kumbukumbu alisema, akigeuza kioo cha kompyuta ili fundi wa maabara aone.

"Damu yake iko kwenye friji yangu. Atakosaje kuwepo?"

Kompyuta ya maabara ilikuwa na majibu ya namba 40718: damu imepungua mno, aongezewe leo. Daftari la wagonjwa lilikaa kwenye kompyuta nyingine, na humo 40717 ilifuatwa na 40719. Kama majibu yangekuwa kwenye daftari moja na majina, mashine ingekataa kumfuta mgonjwa mwenye vipimo. Lakini kompyuta zilikuwa mbili, na hakuna iliyomchungulia mwenzake.

Mtunza kumbukumbu alimtazama fundi kwa jicho la pembeni. Alivijua vidole vyake vizito kwenye kibodi.

"Umekosea kuandika."

"Nimenakili kibandiko, dada. Na kibandiko ulikitoa wewe."

Aliitaka chupa ya damu, akaigeuzageuza kwenye mwanga wa dirisha akitafuta alama ya kibandiko kukwanguliwa. Hakuna. Basi kuna mtu amelifuta jina. Alimfikiria mkubwa wao, anayependa ripoti safi. Akamfikiria yule wa zamu ya mchana, asiyefunga kompyuta akitoka. Akafungua orodha ya waliofutwa.

Ijumaa iliyopita. Sababu: majina yaliyojirudia. Aliyefuta: yeye mwenyewe.

Alikumbuka. Mama mmoja, tarehe moja ya kuzaliwa, majina yamepishana herufi moja. Alidhani ni makosa ya kuandika.

"Pacha," fundi alisema taratibu.

Mtunza kumbukumbu alipiga namba ya mama iliyokuwa kwenye kumbukumbu za pacha aliyebaki. "Mama, tunamhitaji mtoto wako sasa hivi."

"Asubuhi mmenitumia ujumbe kwamba ni mzima."

"Huyo ni mwenzake. Namtaka yule mwingine."

Kisha sauti ya mama ikawa nzito. "Juzi hapohapo dirishani nimeambiwa nina mtoto mmoja. Nikabisha mpaka nikaitwa mkorofi. Leo ndio mmempata?"

"Njoo naye, mama. Tafadhali."

Walifika kabla ya saa sita, mama na wasichana wawili wenye magauni yanayofanana, mmoja akihema kwa hatua chache tu. Muuguzi alinyoosha mikono ampokee huyo anayehema. Mama hakumwachia. Alizunguka meza, akasimama nyuma ya kiti cha mtunza kumbukumbu, mkono wa mtoto ukiwa ndani ya wake.

"Mwandike," alisema. "Nikiona."