Penalti Ambayo Dekow Hakuiona

Kama kuna kitu Dekow hakuwahi kupungukiwa nacho hapa Garissa, ni maoni. Alikuwa dalali wa mbuzi, na udalali ulimpa koo la kusikika soko zima. Siku za mechi alilibeba koo hilo hilo hadi uwanjani akalitumia dhidi ya timu yake mwenyewe. Wapinzani hakuwa na haja nao. Aliyoipenda ni Nyota ya Iftin, timu ya mtaa wetu, kwa hiyo aliyoisimanga ni Nyota ya Iftin: viungo watatu wanakimbilia mpira mmoja, kipa anatoka golini kama mtu aliyeitwa na mkewe, na Mustafe, beki wa kati, hawezi kukaba hata kivuli chake. Huyo Mustafe ndiye aliyekuwa chakula chake cha kila wiki.

Polisi nao walikuwa na fungu lao. Dekow alishikilia kwamba askari wa uwanjani kazi yake ni kuupa mpira mgongo na kuwatazama watu. Akitazama mpira, basi ni shabiki tu, ila yeye analipwa. Hili hakulisema kwa kunong'ona. Alilisema akiwa amesimama karibu na askari wenyewe, na hakuna hata mmoja aliyewahi kugeuka kuupa mpira mgongo.

Mechi iliyomwingiza matatani ilikuwa dhidi ya Ngamia, mahasimu wetu wa jadi. Zilikuwa zimebaki dakika chache, hakuna aliyefunga, kipa wetu yuko safarini kama kawaida yake, na mpira wa Ngamia ukawa unaenda zake golini pasipo wa kuuzuia. Mustafe alikuwa kwenye mstari. Akaupiga mkono. Refa akapuliza penalti, akatoa kadi nyekundu, na uwanja ukachafuka. Watu wetu wote waliapa kwamba mpira uligonga kifua. Mtu mmoja tu wa Iftin alisema ni mkono, na kila mmoja wetu anamjua ni nani.

Dekow alimfuata Mustafe kando ya mstari hadi pale alipotoka uwanjani, akamshika jezi kwa mkono mmoja, akamwekea kidole cha mkono wa pili puani, akaanza kumpa vyake. Alisikia kelele nyuma yake, akajua penalti imepigwa. Hakugeuka, maana alikuwa bado hajamaliza. Kumbe wakati huo jiwe lilikuwa limemwangusha refa, damu inamtoka kwenye paji la uso. Polisi wakarusha gesi ya machozi, wakaingia na virungu. Mustafe alichomoka na wenzake. Mashabiki wakatimua mbio, waliorusha na wasiorusha. Dekow alibaki amesimama huku akikohoa, kidole kingali hewani, ndipo mkono wa askari ulipomshika shingoni.

Walikamatwa sita, akiwemo rafiki yake Abdille, dereva wa magari yanayopeleka vyakula kambi ya wakimbizi ya Hagadera. Jumatatu wakasimamishwa mbele ya hakimu na kusomewa shtaka la kurusha mawe na kumjeruhi mwamuzi. Sasa, huku kwetu kila mtu anajua njia ya mkato. Ukisema "kweli", unapigwa faini, klabu inakulipia, unakula chakula cha mchana nyumbani. Ukisema "si kweli", utaitwa na kurudishwa hadi kandambili zikuishie. Wasichokuambia ni kwamba ile "kweli" yako inakaa mahali, na siku utakayoomba cheti cha tabia njema ili upewe kazi, itatoka kukulaki. Wa kwanza akasema kweli. Wa pili, kweli. Abdille, ambaye wakati jiwe linarushwa alikuwa ananunua chai, naye akasema kweli, macho chini.

"Si kweli," alisema Dekow.

Karani alimrudia swali polepole, akidhani mzee hakulielewa. Dekow naye akalirudia jibu polepole.

Aliachiliwa kwa dhamana, akapewa tarehe ya kusikilizwa. Kabla ya tarehe hiyo Duale, mwenyekiti wa klabu, alibisha hodi kwake Iftin akiwa na wazee wawili. Sagal, mkewe Dekow, aliwapa chai ya maziwa ya ngamia. Duale alizunguka kidogo kwenye habari za mvua na malisho, kisha akaingia ndani ya jambo. Yeye na mkuu wa kituo wameshaelewana. Dekow akubali kosa, klabu italipa, na polisi wataendelea kulinda mechi zetu bila kinyongo. Tena kuna rufaa. Klabu imelalamika kwa viongozi wa ligi kwamba penalti ilikuwa wizi, mechi irudiwe. Mustafe mwenyewe ametia sahihi kwamba mpira uligonga kifua. Je, mzee wa Iftin akisimama mahakamani aanze kusimulia mambo ya mkono, rufaa itabaki na nini?

"Tumalize kwa maslaha, walaal," alisema Duale, akimwita ndugu. "Sisi ni watu wa maslaha."

Dekow hakuidharau maslaha, ule upatanisho wa wazee. Amekaa kwenye vikao vingi vya namna hiyo, ameona damu ikitulizwa na ngamia na watu wakarudi kuoana. Alikunywa chai yake hadi chini kabla ya kujibu.

"Maslaha ni ya mtu amekosa na mtu amekosewa," alisema kwa ule ulimi wake wa Kisomali unaogeuza p nyingine kuwa b. "Mimi hapa ni yupi? Kama nimekosa, nionyeshe jiwe. Kama nimekosewa, mbona bolisi hawako hapa kuniomba msamaha?"

Wazee wakatazamana. Mmoja wao alitabasamu ndani ya ndevu. Duale aliondoka akisema kwamba mtu anayeshindana na serikali na klabu yake kwa pamoja hana budi kuwa na kichwa cha chuma. Dekow alimjibu kuwa ndicho hicho alichozaliwa nacho.

Wageni walipokwenda, Sagal alimuuliza atapata wapi shahidi. Uwanja mzima ulikuwa unatazama penalti, na mtu pekee aliyekuwa anamtazama Dekow alikuwa Mustafe. Sagal akamwambia, bila kumhurumia hata chembe, kwamba aliyetukana ndiye aendaye kuomba.

Alimkuta Mustafe kwenye mashamba ya kando ya Tana, anapakia matikiti kwenye lori. Kumwomba mtu uliyemsimanga misimu mitatu ni kazi ngumu kuliko kuuza mbuzi kiwete, lakini Dekow aliifanya. Hakumsifu uongo. Alimwambia kesi ilivyo, akamwambia pia kwamba akija kusema kweli, rufaa itakufa na huenda Duale akamfukuza. Mustafe hakuacha kupakia. Tikiti lilipita mikononi mwake, likafuata lingine.

"Umemaliza, adeer?" aliuliza hatimaye, akimwita ami kwa heshima.

Dekow alisema amemaliza. Mustafe akainama kuchukua tikiti jingine. Hakusema ndiyo, hakusema hapana, na Dekow akashika njia ya kurudi. Kwa mara ya kwanza aliogopa. Aliiona ile seli, akauona pia ule uso wa Duale ukicheka, na hakujua kipi kinamuuma zaidi.

Siku ya kesi ukumbi ulijaa. Duale alikaa mstari wa mbele, kanzu nyeupe pe. Karani alimwita mkalimani wa Kisomali, Dekow akamkataa. Neno likipita mdomo wa mtu mwingine hupungua, alisema, na yake anataka yafike mazima. Hakimu, mama wa Kikamba aitwaye Mueni, alimruhusu.

Konstebo Dancan, kijana aliyeletwa kutoka bara mwaka uliopita, aliapa kusema kweli. Akaeleza kwamba alimwona mshtakiwa, akiwa amepandwa na hasira kwa sababu ya penalti, akiokota jiwe na kumrushia refa. Lini hasa? aliuliza mwendesha mashtaka. Wakati ule ule penalti inapigwa. Hana shaka? Hana shaka hata kidogo, alikuwa anamtazama yeye.

Dekow hakuwa na wakili. Alisimama mwenyewe kumhoji.

"Afande, hiyo benalti mimi sikuona. Miaka yote nakuja uwanja, hiyo moja tu imenipita, na huku nje kila mtu ananiambia yake. Wewe ulikuwa karibu. Ilipigwa namna gani?"

Hakuna aliyeona mtego, kwa kuwa haukuwa mtego. Dekow kweli alitaka kujua. Na Dancan, maskini, alisahau alipo. Uso ulimchanua. Alisema mpigaji alisita kidogo, kipa akadanganyika akaenda kulia, mpira ukaenda kushoto, chini kabisa, ukagonga mlingoti kwa ndani ndipo ukaingia. Mkono wake uliuchora mpira hewani.

"Ilikuwa safi sana," akamalizia.

Ukumbi ukaangua kicheko. Hakimu Mueni hakucheka, alikuwa anaandika.

"Na jiwe mimi niliokota saa ngapi?" aliuliza Dekow.

Dancan alitazama viatu vyake. Akasema wakati huo huo.

"Basi afande, ama una macho manne, ama ulikuwa unaangalia mbira."

Mwendesha mashtaka hakuwa mjinga. Zamu ya utetezi ilipofika alimbana Dekow mahali penyewe. Si kweli kwamba mashabiki wote wa Iftin walikasirikia penalti ile? Si klabu nzima imekata rufaa kwamba mpira uligonga kifua? Basi iweje shabiki sugu kama yeye awe peke yake anayempenda refa? Dekow akajibu kwamba hampendi refa, ila refa alikuwa na haki, na hasira zake zote siku ile zilikuwa za Mustafe. Yuko wa kuthibitisha? Dekow akatazama mlangoni. Hapakuwa na mtu. Hakimu alimuuliza mara ya pili kama ana shahidi, na Duale akajinyoosha kwenye benchi akikunja nne.

Ndipo benchi la nyuma kabisa likalia, akasimama Mustafe na shati lake la kazi, tope la shamba magotini.

Aliapa. Kisha akasema, akimwonyesha Dekow kwa kidevu: "Huyu mzee amenitukana misimu mitatu, hakuna mtu simpendi kama yeye. Siku hiyo mkono mmoja alishika jezi yangu, mwingine kidole kilikuwa hapa." Akagusa pua. "Tangu nitoke uwanjani mpaka gesi ikatufikia. Jiwe angerusha na nini, ulimi?"

"Alikuwa anakutukania kosa gani?" aliuliza mwendesha mashtaka.

Duale akakohoa, kikohozi cha mtu asiye na mafua. Mustafe alimgeukia, akamtazama vizuri, kisha akamrudia hakimu.

"Nilipiga mpira kwa mkono, mheshimiwa. Kwa makusudi. Penalti ilikuwa halali."

"Kwenye rufaa ulitia sahihi kwamba ni kifua."

"Ndiyo. Huko nilidanganya. Hapa nimeapa."

Alasiri ile hakimu Mueni alimwachilia Dekow. Mwingine angemshukuru Mungu na kushika njia. Dekow alimshukuru Mungu, halafu akanyoosha mkono kuuliza: na yule aliyeapa akasema asichokiona? Na wale watano, Abdille na wenzake? Hakimu alimjibu kwa upole kwamba malalamiko dhidi ya askari yana ofisi yake, na wale watano walikiri kwa vinywa vyao wenyewe. Dekow akasema walikiri njaa na uchovu, jiwe hawakulikiri. Akaambiwa aketi au atoke. Akatoka.

Nje, kwenye ngazi, Duale alikuwa ameshamfikia Mustafe. Hakumgombeza. Alimwambia kwa sauti ya chini kwamba arudishe jezi, na kwamba hataivaa nyingine ya Nyota ya Iftin maadamu yeye ni mwenyekiti. Mustafe aliitika kwa kichwa, kisha akamwona Dekow.

"Adeer, misimu mitatu unawaambia wanitoe," alisema. "Leo wamekusikia."

Lilimchoma. Dekow alikuwa amejiandaa kwa faini, kwa seli, kwa kufukuzwa klabuni. Kwa hilo hakuwa amejiandaa. Alimtazama yule kijana aliyekuja na tope lake kumtoa kizimbani, akipoteza kitu pekee alichokuwa nacho kila Jumamosi ya mechi, na koo lote likamkauka. Halafu likarudi, kama linavyorudi sokoni bei inapotaka kuibiwa.

"Duale!" aliita, na watu hadi barabarani wakageuka. "Mustafe hajui kukaba! Nitasema hivyo hadi nife, na ukimtoa kwa sababu hiyo nitakupigia makofi. Lakini unamtoa kwa sababu amesema kweli. Mkono ulikuwa mkono! Benalti ilikuwa benalti! Na nyinyi mnataka kushinda kwa karatasi kitu mlishindwa kwa miguu!"

Duale aliharakisha kuelekea kwenye gari lake. Dekow akamfuata kwa sauti, ngazi kwa ngazi, akiwataja sasa na polisi wanaokamata asiyekimbia kwa kuwa ndiye rahisi kushikika, na mahakama ambayo masikini anakiri ili akale. Watu walianza kukusanyika. Abdille alikuwa miongoni mwao, na safari hii macho yake hayakuwa chini.

Konstebo Dancan alitoka mlangoni, kofia kwapani. Akamwambia mzee apunguze sauti, hapa ni mahakamani, asije akakamatwa tena kwa kufanya fujo.

Dekow alimgeukia, akamnyooshea mikono yote miwili.

"Nikamate, afande," alisema. "Leo angalau umeniona."